Laptopu za Ofisi Zikipigwa Mnada: Vidokezo vya Kupanga Dau Lako

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na ofisi zikabaki na kompyuta ambazo haziwezi kupandishwa kwenda Windows 11. Baadhi zitagawiwa shule, baadhi zitaozea stoo, na zilizobaki zitaishia mnadani. Ukifika uwanjani unazikuta zimepangwa kwa mafungu: laptopu ishirini hapa, printa nane pale, UPS zimerundikwa pembeni. Dalali kashika kipaza sauti, na watu wanataja bei kana kwamba wameona kilichomo ndani. Wengi hawajaona. Vidokezo hivi ni vya fundi au muuzaji mdogo, awe wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, ambaye fungu moja baya linaweza kumlazia mtaji mwaka mzima.

1. Anza na bei ya dukani, kisha rudi nyuma

Kabla ya kujiuliza fungu litakwenda kwa bei gani, uliza laptopu ya modeli hiyohiyo inatoka dukani kwa shilingi ngapi. Usichukue bei ya kwenye tangazo la mtandaoni, maana ile ni ya kuombea. Piga simu kama mteja, omba upunguziwe, uandike bei ya mwisho. Halafu ishushe tena kidogo, kwa sababu mwenye duka ana mbili na wewe utakuwa na ishirini. Modeli moja ikimwagika sokoni bei hushuka, na safari hii mwagaji ni wewe.

2. Tangazo lisome hadi mstari wa mwisho

Matangazo ya minada ya Serikali nchini Tanzania yana masharti ambayo wazoefu wameyakariri: mali itauzwa kama ilivyo na mahali ilipo, mnunuzi atalipa hapo hapo amana isiyopungua asilimia 25, salio litalipwa ndani ya siku 14, akishindwa, amana haitarejeshwa na mali inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. "Kama ilivyo" maana yake ukifungua boksi ukakuta mchanga, umenunua mchanga.

Angalia pia kama VAT imo kwenye bei au itaongezwa juu (kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya), kama kuna ada ya dalali kwa mnunuzi, na umepewa siku ngapi za kuondoa mzigo. Hayo yote yanakatwa kwenye dau lako mapema. Ukiyakumbuka baada ya nyundo kugongwa, yanatoka kwenye faida.

3. Siku ya ukaguzi ina thamani kuliko siku ya mnada

Kwa kawaida tangazo hutoa siku moja au mbili za kuangalia mali. Siku hizo uwanja huwa na watu wachache, mlinzi hana haraka, na hakuna anayekupandishia bei. Nenda na bisibisi, tochi, chaja mbili tatu za aina tofauti na waya wa kurefushia umeme. Omba kuwasha hata tano tu. Ukikataliwa, hiyo nayo ni taarifa, na dau lishuke.

Geuza laptopu, soma stika ya chini. Jina kama Latitude au EliteBook peke yake halitoshi, kwani Latitude moja inaweza kuwa ya miaka miwili na nyingine ya kumi. Unachotaka ni prosesa. Core i5-6300U ni kizazi cha sita. I5-8350U ni cha nane. I5-10310U ni cha kumi. Tarakimu za mwanzo baada ya kistari ndizo zinazosema. Kwa prosesa za Intel, orodha rasmi ya Windows 11 inaanzia kizazi cha nane, ukiacha chache za cha saba. Ndiyo sababu laptopu mbili zinazofanana sura kama mapacha zinaweza kupishana bei karibu nusu kwa nusu. Kama fungu limechanganya vizazi, hesabu kila kizazi peke yake. Mpangaji wa mafungu mara nyingi huweka nzuri juu.

Ukiona stika ya namba ya mali ya ofisi, isome bila kuibandua. Baadhi huandikwa mwaka wa kununuliwa.

4. Tafuta kisichokuwepo

Ofisi makini huondoa diski kabla ya kuuza ili siri zake zisitoke nazo. Ni haki yao, nawe utawaelewa siku kompyuta yako mwenyewe itakapopigwa mnada. Ila pamoja na diski hutoka kitu kidogo ambacho watu hawakihesabu: kile kifremu cha chuma kinachoshika diski na ule utepe wa waya unaoiunganisha na bodi. Bei yake si kubwa, shida ni kukipata, hasa cha modeli isiyo ya kawaida. Skrubu za chini zikiwa zimepungua, jua kuna mtu ameshaingia ndani. Uliza kachukua nini. RAM hutoka haraka sana, huingia mfukoni bila kelele.

Chaja ndizo hupotea za kwanza. Laptopu inayochajiwa kwa USB-C ni afadhali; yenye kichwa cha chaja cha aina yake peke yake, ongeza gharama.

5. Kufuli lisiloonekana

Hapa ndipo mafungu "mazuri" yanapoua. Laptopu inawaka, kioo safi, kibodi nzima, halafu inakuomba nenosiri la BIOS. Kwenye ThinkPad na nyingine nyingi za ofisi, kutoa betri ndogo ya saa hakusaidii kitu, maana nenosiri limehifadhiwa kwenye chipu ya ubaoni. Kuna mafundi wanaoweza kuiandika upya chipu hiyo. Ulizia bei yao kabla hujataja dau.

Kufuli la pili ni baya zaidi kwa sababu hulioni siku ya ukaguzi. Unaweka Windows upya, unaunganisha intaneti, na mashine inakukaribisha kwa jina la shirika lililoiuza, ikidai baruapepe ya mfanyakazi wake. Imeandikishwa kwenye mfumo wa shirika, na haitoki hadi shirika liifute huko. iPad na iPhone zina kufuli kama hilo kupitia akaunti ya mmiliki. Kwa hiyo muulize muuzaji, kwa maandishi ikiwezekana: vifaa vimefutwa kwenye mfumo wenu? Jibu likiwa la kubabaika, taja bei ya spea. Vioo na betri vinauzika, bodi hesabu sifuri.

6. Sasa kalamu na karatasi

Tuchukue mfano wa kubuni, bei ukaziweke zako. Fungu lina laptopu 20 za kizazi cha nane, hazina diski wala chaja. Dukani, nzima moja inatoka kwa 400,000. Umeruhusiwa kuwasha tano, tatu zikawaka vizuri. Tatu kwa tano ni sawa na 12 kwa 20, basi hesabu 12 nzima. Tatu nyingine zipe hadhi ya mgonjwa anayetembea: bawaba imevunjika, kioo kina mstari, zitauzwa 200,000 kila moja. Tano zilizobaki ni spea, 40,000 kila moja.

Mauzo: 4,800,000 na 600,000 na 200,000. Jumla 5,600,000.

Gharama: diski ya SSD na chaja kwa laptopu 15, tuseme 75,000 kila moja, ni 1,125,000. Betri mpya sita za 60,000 ni 360,000. Kazi ya fundi 20,000 kwa kila moja kati ya hizo 15 ni 300,000, na uijumlishe hata kama fundi ni wewe, maana muda huo ungetengeneza simu za watu. Usafiri 80,000. Jumla 1,865,000.

Inabaki 3,735,000. Wengi huishia hapo na kudhani ndilo dau. Toa kwanza faida yako. Mimi nisingekubali chini ya asilimia 30 ya mauzo kwa mzigo usio na dhamana, yaani 1,680,000. Sasa inabaki 2,055,000. Kama VAT ya asilimia 18 inaongezwa juu ya bei ya nyundo, gawanya kwa 1.18. Unapata takriban 1,740,000.

Hilo ndilo dau lako la juu kabisa: 87,000 kwa laptopu ambayo jirani yako pale uwanjani anaiona kama laki nne. Atakucheka. Mwache, pengine naye kapiga hesabu akasahau betri.

Rudia hesabu hiyohiyo ukidhani nzima ni nane badala ya 12, na nne zilizopungua zihesabu kuwa spea. Dau linaanguka kuliko unavyotegemea. Ukiona tofauti ya laptopu nne inakula faida yote, fungu hilo lina hatari kubwa kuliko mtaji wako.

7. Vitu vya kupita haraka

UPS: betri zake za risasi kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na ofisi haiuzi UPS yenye betri mpya. Taja bei ya boksi tupu. Monita za kioo kinene, zile za mgongo mrefu: hata za bure usibebe, kioo chake kina risasi na hakuna anayekitaka. Simu za mezani za mtandao: bila mfumo wa ofisi ni mapambo. Seva: nzito, zina kelele, zinakula umeme, hata hivyo RAM na diski zake zina wateja wake, ukiwajua.

Printa za leza zinahitaji maneno zaidi kidogo. Nyingi zina ukurasa wa taarifa ambao mashine huuchapa yenyewe ukiiagiza kwenye menyu, na humo imeandikwa jumla ya kurasa ilizokwishachapa tangu izaliwe. Ni sawa na kusoma kilomita za gari. Ukiona laki tatu, hesabu kubadilisha mtambo wa joto na roli za kuvutia karatasi. Kama haina tona ya kuchapia huo ukurasa, umeshajua gharama ya kwanza.

8. Soma voti

Vifaa vinavyotoka kwenye balozi na miradi ya Wamarekani wakati mwingine vimeandikwa 120V tupu. Umeme wetu ni wa voti 230 hadi 240. Laptopu hazina tatizo, chaja zake huandikwa 100-240V. Tatizo ni UPS, printa kubwa na mashine za kunakili. Kompyuta za mezani za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka ukutani, utasikia mlio mmoja tu. Itazame swichi hiyo kabla hujaomba kuwashiwa.

9. Zabuni ya bahasha ina hesabu yake

Kenya, Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inaruhusu mali ya umma iuzwe kwa mnada au kwa zabuni. Kwenye bahasha humsikii mwenzako, unaandika namba moja na basi. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu zabuni za vitalu vya mafuta katika Ghuba ya Mexico. Walichoonyesha ni kwamba anayeshinda kitalu mara nyingi ni yule aliyekadiria mafuta kupita wenzake wote, kwa hiyo ushindi wenyewe ni dalili ya kulipa kupita kiasi. Laptopu nazo ni hivyo hivyo. Washindani wakiwa wengi na ukaguzi ukiwa hafifu, andika chini ya dau lako la juu, na usiandike namba ya mviringo. Ukiandika 1,503,000 unampita kila aliyeandika milioni moja na nusu, nao hawakosekani.

10. Uwanjani

Dau lako la juu liandike kwenye karatasi, liwe mfukoni kabla ya dalali kuanza. Usiwe wa kwanza kutaja. Tazama nani anapandisha: mwenye duka mzoefu anajua anachokitaka, mtu anayepandisha kila fungu bila kuligusa huenda ni mpambe wa kuchochea bei. Mafungu ya mwisho wa siku, watu wameshamaliza hela na jua limewachosha, mara nyingi huenda chini.

11. Ukishinda, dai karatasi

Stakabadhi iwe na namba za serial za kila kifaa, hata kama karani atanuna. Laptopu yenye stika ya ofisi ya umma ikikutwa kwako bila karatasi, maelezo utayatoa kituoni.

12. Ukishindwa, usiondoke

Aliyeshinda ana siku chache za kukamilisha malipo na kuondoa mzigo, na pengine anataka nusu tu ya alichonunua. Mfuate kabla hajapakia, mwambie unahitaji ngapi na za kizazi gani, uombe kuziwasha moja moja. Bei yako ya juu unayo tayari kwenye karatasi mfukoni. Akikataa, mwachie namba yako ya simu.