Kujifunza Rangi za Mafuta kwa Kunakili Mchoro wa Mavuno

Wengi wanaoanza kuchora kwa rangi za mafuta hukata tamaa mapema kwa sababu hujaribu kujifunza mambo mawili kwa pamoja: kubuni mchoro na kuitawala rangi. Kunakili kazi ya bingwa humpunguzia mwanafunzi mzigo mmoja. Vincent van Gogh mwenyewe, kati ya 1889 na 1890, alinakili kazi kadhaa za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet.

Mchoro wa Millet wa mwaka 1857, unaoonyesha wanawake wakiokota masazo ya ngano, ni somo zuri. Umehifadhiwa katika makavazi ya Musée d'Orsay, Paris. Karibu na mtazamaji wapo wanawake watatu maskini. Wawili wameinama kabisa, na wa tatu ameinama nusu. Mbali nyuma yao kuna marundo makubwa ya ngano, mkokoteni, wavunaji wengi na msimamizi juu ya farasi.

Jambo la kuzingatia ni hili: mavuno mengi yako mbali na yamepauka, ilhali wanawake wako karibu na wamekolea. Anayeyakoleza marundo sawa na wanawake atakuwa amechora habari ya neema tu. Millet aliwachora wale walioachiwa masazo. Kwa hiyo, mwanafunzi apime mwanga na giza kabla ya kuhangaikia rangi.

Hatua za kufuata

1. Tafuta nakala safi iliyochapishwa na turubai ya sentimita 40 kwa 30. Gawanya zote mbili kwa miraba, 8 kwa upana na 6 kwa urefu, kisha chora kwa penseli mraba baada ya mraba. Anza na mistari ya migongo. Uzito wa kazi umo humo.

2. Paka rangi ya hudhurungi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Weka giza, wastani na mwanga pekee. Simama hatua tatu nyuma, ufinye macho. Ikiwa wanawake hawajitokezi, rekebisha sasa.

3. Tabaka likikauka, ongeza rangi: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu, bluu na hudhurungi zinatosha. Anza na anga, kisha shamba la mbali, halafu wanawake. Vitambaa vya kichwani viwe vya mwisho.

4. Kila tabaka liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake. Tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole. Likiwekwa chini ya lile linalokauka haraka, mchoro unaweza kupasuka. Rangi hii hukauka kwa kushika hewa, hivyo subiri siku kadhaa.

Usalama

Fungua madirisha unapotumia tapentaini, na usiimwage kwenye mtaro. Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa huweza kupata joto na kuwaka yenyewe. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke ndani ya mkebe wa maji wenye kifuniko.

Nakala na sheria

Nchini Kenya, hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Millet alifariki 1875, hivyo kazi yake yaweza kunakiliwa. Hata hivyo, andika nyuma ya turubai jina lako na kwamba ni nakala ya Millet. Kuiuza kama kazi halisi ni udanganyifu.

Nakala ikikamilika, mwanafunzi aende kwenye shamba la mahindi au mpunga lililo karibu naye wakati wa mavuno. Atazame nani yuko karibu na nani yuko mbali, nani anabeba na nani anahesabu magunia, ndipo aanze mchoro wake mwenyewe.