Kauli ya Kwanza Si Ushahidi: Haki Zako Mbele ya Polisi Tana River

Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walikufa katika kambi ya Hola, hapa Tana River. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maiti zilipopasuliwa, ikabainika walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Bunge la Uingereza lilijadili, magazeti yakapiga kelele, lakini hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Waliokufa walikuwa Waafrika chini ya utawala wa Wazungu, na serikali iliyotoa amri ndiyo pia iliyoandika taarifa.

Mambo hayo hayakuishia Hola. George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020, taarifa ya kwanza ya polisi ilisema amekufa baada ya tatizo la kiafya. Video ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando ya barabara ndiyo iliyoonyesha goti la askari shingoni mwake. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikufa akiwa mikononi mwa polisi, Kituo cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Daktari aliyeupasua mwili akakuta dalili za kukabwa shingo, na kesi ya mauaji ikafunguliwa.

Mara zote tatu ukweli ulijulikana kwa sababu kulikuwa na rekodi isiyoandikwa na mtuhumiwa. Hilo ndilo nataka ulishike leo: Katiba ya 2010 imekupa haki nyingi, lakini haki bila rekodi ni ngumu kuitetea kortini.

Kabila si kosa

Agosti 22, 2012, katika mapigano ya Waorma na Wapokomo hapa Tana River, zaidi ya watu 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba yakafuata mashambulizi ya Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako hata polisi waliuawa. Rais Kibaki akatangaza kafyu na kuleta kikosi cha polisi cha GSU. Desemba ikawa zamu ya Kipao. Waorma na Wapokomo wamezika watu wao, na kila upande unakumbuka ya kwake.

Katika hali kama ile, msako wa polisi ukiingia kijiji cha wenzetu, wengi wetu hunyamaza, na wengine hushangilia. Husemwa, "Waache wakione." Ndugu yangu, lori linalobeba vijana wa Kiorma leo bila kuwauliza walikuwa wapi, kesho litabeba vijana wa Kipokomo, keshokutwa Wardei au Munyoyaya. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza Serikali kumbagua mtu kwa sababu ya kabila, rangi, dini au kuzaliwa kwake. Sheria ya Kenya inamshika mtu kwa alichokifanya yeye. Haina adhabu ya kijiji kizima.

Sheria hiyo hiyo inakubana wewe pia. Kwa mujibu wa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, maneno ya kuchochea chuki ya kikabila yanaweza kukupeleka jela hadi miaka 3, au ulipe faini hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Ule ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaowatukana "wale wa ng'ombe" au "wale wa mashamba", usiusambaze.

Ukikamatwa

Tuseme umesimamishwa kwenye kizuizi pale Minjila, umeshushwa garini, unaambiwa panda lori. Usikimbie, usipigane. Uliza kwa sauti ya utulivu: "Afande, ninakamatwa kwa kosa gani?" Ibara ya 49 inamlazimu akujibu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Kama mzee anajua Kiorma au Kipokomo tu, aelezwe kwa lugha hiyo.

Una haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na watu wako, na haki ya kutolazimishwa kukiri. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, ufikishwe siku inayofuata ya kazi. Dhamana ni haki yako, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kukunyima. Ukilipa pesa za dhamana kituoni, usiondoke bila risiti rasmi.

Angalia kifua cha askari. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamtaka askari mwenye sare avae jina au namba yake mahali panapoonekana. Ikariri. Kama hana, kumbuka namba ya gari, saa na mahali.

Kafyu na maandamano

Kuvunja kafyu ni kosa, na mwenye kosa hupelekwa kortini. Kiboko hakimo katika adhabu za kosa hilo. Wakati wa korona, Aprili 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu za kupita kiasi walizotumia polisi kuitekeleza zilikuwa kinyume cha Katiba. Askari anatakiwa kujaribu njia za amani kwanza, na nguvu iwe ya kiasi kinachohitajika tu. Kusema "niliamriwa na mkubwa" hakumwokoi.

Kuandamana nako ni haki, Ibara ya 37, mradi mwende kwa amani na bila silaha. Fimbo ya kuchungia iacheni nyumbani, na panga la shamba pia. Mpeni OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi ya maandishi siku 3 hadi 14 kabla, mkitaja mahali, njia mtakayopita na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Notisi si ombi la ruhusa. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Ukipigwa, au mtu wako akiuawa

Kwanza, hospitali. Daktari aandike kila jeraha, nawe upige picha kabla halijapona. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, asioge wala kufua nguo alizovaa, ili apate dawa za kumkinga na ushahidi uhifadhiwe.

Pili, piga ripoti kituoni na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha fomu ya P3 ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Wakikataa kuandika kwa kuwa mshukiwa ni mwenzao, nenda kituo kingine, au moja kwa moja kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. IPOA hupokea malalamiko ya mdomo au ya maandishi, bila malipo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu nayo hupokea.

Tatu, kama kuna kifo, ombeni daktari mnayemwamini ahudhurie upasuaji wa maiti. Najua dini na mila zinatuhimiza kuzika haraka, na hilo naliheshimu. Hata hivyo, ombeni upasuaji ufanyike upesi, kwa sababu ukizika bila ripoti ya daktari, umezika na ushahidi.

Kisha kuna mahakama. Garsen ina Mahakama Kuu, na chini ya Ibara ya 22 unaweza kudai haki zako huko. Asiyeweza kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Ukiwa umeona

Neno la mwisho ni kwa aliyeshuhudia. Mpokomo aliyeona Mworma akipigwa bila kosa, au Mworma aliyeona Mpokomo akivunjiwa nyumba na polisi, ndiye shahidi ambaye wakili wa upande wa pili atapata taabu kumpinga, maana hawezi kudai kwamba anawatetea watu wake. Kama unahofia maisha yako, sheria imeunda Shirika la Kulinda Mashahidi, na unaweza kuomba ulinzi. Andika ulichokiona siku hiyo hiyo, weka tarehe na saa, tia sahihi, kisha ukipeleke IPOA.