Mfuko wa Leta na kazi ya watu wake



Katika somo la uchumi, neno «uzalishaji wa kazi» linasumbua wengi, wanafikiri ni jambo la viwanda tu. Lakini Leta nayo inazalisha: masomo, chanjo, barabara, hukumu. Basi tunauliza hivi: kwa kila franga iliyotoka mfukoni, wananchi wamepata kazi gani?

Tuseme kwa liste ya shule moja kuna walimu 10, wanaoingia darasani ni 7. Leta inalipa mishahara 10, inapata kazi ya 7. Katika franga 100, 30 zimeenda bure, na mwezi ujao tena vile vile. Hii si hadithi. Mwaka 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha (IGF) ulitangaza kwamba ulikuta kwenye liste za malipo watu 145.604 wenye nambari za kazi za uongo ao zisizojulikana, na 53.328 wanaogawana nambari na wenzao.

Upande mwingine wako walimu wanaoitwa N.U. Hao wanafundisha kila siku, lakini hawajaingia kwa liste ya malipo. Hesabu ya Leta inaonekana nyepesi, kumbe mzigo uko juu ya kichwa cha mzazi. Na mfanyakazi asiyelipwa, ao anayelipwa kidogo sana, anajitafutia: kodi inaishia njiani, haifiki kwa hazina. Hapo mfuko unapungua tena, na mishahara inazidi kukosa.

Nchi hii ilishaona mwisho wa njia hiyo. Wakati wa Zaïre, kodi ziliposhindwa kutosha, Leta ilichapa noti. Desemba 1992 ikatoka noti ya zaïre milioni 5. Wachuuzi waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa nayo wakaasi na kupora Kinshasa. Walimu nao walikuwa wamekosa mshahara. Ndipo wazazi walianza kuwalipa wao wenyewe, jambo lililoendelea miaka mingi.

Lakini tuangalie vizuri: kujaza darasa si kuongeza uzalishaji. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Leta ni bure, na watoto wameingia kwa wingi. Mwalimu mmoja akiwa na watoto 80, kwenye karatasi gharama ya kila mtoto imeshuka. Mtoto akifika darasa la sita hajui kusoma, Leta imenunua nini? Kesho yake huyo mtoto atapata kazi ndogo, na kodi atakayolipa itakuwa ndogo vilevile.

Swali la mjadala wa siku ya posho ni hili: majina ya uongo yakifutwa, feza inayobaki ilipe kwanza walimu wa N.U., ao ipunguze deni la Leta? Kila darasa lilete hesabu yake, si maneno tu.