Vidole Juu Vingi, Komande Hata Moja

Somo kwa kamati za uuzaji



Kisha mavuno ya musimu A, koperative moja ya Lubero ilituma picha katika kundi la WhatsApp lenye kuwa na wamama wauzaji na wenye restora wa Butembo. Mifuko ya maharagi imepangwa katika depo, chini yake bei ya kilo. Wengi walifungua, wengine wakaweka kidole juu. Lakini hakuna mwenye aliagiza hata mufuko moja. Kamati ikasema: «Watu wa mji hawana feza.» Tulienda sokoni kuwauliza wale wamama, tukasikia jambo lingine.

Mununuzi anawaza nini mbele ya kujibu?

*Anaogopa kudanganywa.* Alishanunua mufuko wenye kuwa na mawe chini, ao wenye kilo hazitimii. Mutu wa namna hiyo anasoma, kisha ananyamaza. Kunyamaza kwake si kukataa. Anangojea mwingine ajaribu kwanza.

*Anahesabu makala.* Mama mumoja alituambia: «Picha ya mufuko hainionyeshi kama itaiva mbio.» Iko na haki. Maharagi yenye kukaa muda murefu mahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu, yanakula makala mingi. Kwa hiyo mwezi wa mavuno ni habari kubwa kwake kuliko wingi wa mifuko.

*Anachunga mega zake.* Video nzito haifungui. Picha moja safi na maneno machache anaona.

Koperative ilibadilisha nini?

Waliloweka maharagi usiku, asubuhi wakapika, wakaangalia saa. Kisha walituma picha mbili: sufuria yenye kuiva, na mufuko juu ya mizani. Waliandika mwezi wa mavuno, muda wa kupika, bei, na usafiri unalipwa na nani. Siku ile maulizo yakaanza kuingia. Mama moja akanunua mufuko moja tu wa kujaribu. Akaupima mbele ya wenzake, akasema katika kundi kwamba kilo zimetimia. Neno lake lilifanya kazi kuliko picha zetu zote.

Lakini muangalie: kisha siku chache, mwanamemba mumoja alileta maharagi ya mwaka jana yamechanganywa na mapya. Musimamizi wa depo aliyaona, akayatenga, yakauzwa kando kwa bei ya chini na kwa jina lake: ya zamani. Kama mufuko ule ungefika Butembo, wanamemba wote wangelipa deni la mutu mumoja, juu kundi lenye kusifu ndilo pia lenye kuonya.

Mambo ya kufanya

1. Mutaje mwezi wa mavuno, aina, kilo na bei yenye haitabadilika njiani.
2. Muchague mutu moja wa kujibu simu, na ajibu siku ileile. Mwenye kuuliza leo, kesho ameshanunua kwa mwingine.
3. Kama munatumia orodha ya kutuma kwa watu wengi, mujue kwamba mutu mwenye hakuandika namba yenu katika simu yake hapati ujumbe. Mumuombe aiandike.
4. Picha ya «statut» inapotea kisha masaa 24. Habari ya bei muiweke pia katika kundi.
5. Musihesabu vidole. Muhesabu maulizo, komande, na watu wenye kurudi mara ya pili.

Maulizo ya kuzungumuzia katika mukutano

- Mununuzi wetu wa mwisho alilalamika juu ya nini? Tulimujibu?
- Katika depo yetu, nani anaangalia mufuko mbele ya kushonwa?
- Sisi wenyewe tumeshapika maharagi yenye tunauza?

Mufuko wenye kukaa depo unangojewa na bidudu, na na mununuzi wa njiani mwenye bei ya kutuumiza. Tuuze mbele yao, lakini kwa ukweli.