Darasa la Tatu ni Kivuko

Wazazi wengi humwangalia mtoto kwa makini mara mbili katika safari yake ya shule ya msingi: siku aingiapo darasa la kwanza, na siku yatokapo matokeo ya mtihani wa mwisho. Katikati ya siku hizo ipo miaka ambayo husahauliwa, na mmoja wao ndio upasao kuangaliwa kuliko yote. Huo ni mwaka wa darasa la tatu, ambalo katika mtaala wa Kenya ulioanza nchini kote mwaka 2019 huitwa Gredi ya 3.

Sababu ni hii. Tangu Tume ya Gachathi itoe shauri lake mwaka 1976, kanuni imekuwa kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha itumikayo mahali shule ilipo, huku akijifunza Kiswahili na Kiingereza kama masomo. Afikapo darasa la nne, Kiingereza ndicho kinachotumika kufundishia hesabu, sayansi na mengi mengineyo. Basi mtoto wa darasa la tatu yu kama msafiri asimamaye ukingoni mwa mto Nzoia wakati wa mvua. Mwenye mtumbwi atavuka. Asiye nao atawatazama wenzake wakienda zao. Mtumbwi wenyewe ni kujua kusoma.

Lugha ya mahali

Katika vijiji vya Bungoma, kama vile vya karibu na Chwele na Kimilili, watoto wengi hutoka katika nyumba zinazosema Lubukusu, na kwenye miteremko ya Mlima Elgon husikika Kisabaot. Mwalimu ajuaye lugha hiyo aweza kueleza jambo gumu kwa neno ambalo mtoto alilisikia jikoni kwa mama yake.

Kitale mambo ni mengine. Mji huo wa Trans Nzoia ulikua pamoja na mashamba makubwa na njia ya reli, na watu wa makabila mengi walikuja kufanya kazi na kukaa huko. Katika darasa moja waweza kuwapo watoto wa Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu na Wakisii. Hapo Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote, nacho huwa lugha ya kufundishia. Mwalimu mwema hakidharau kwa kukiona lugha ya sokoni tu. Hukitumia kwa ufasaha, kwa kuwa ndicho daraja lake.

Kazi za siku

Kipindi kimoja cha madarasa ya chini ni cha dakika 30. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo kazi huandaliwa mapema. Katika somo la kusoma, mwalimu huanza na sauti na silabi, kisha maneno, kisha hadithi fupi. Yeye husoma kwanza, halafu darasa lote husoma pamoja naye, na mwishowe kila mtoto husoma peke yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo ambayo mara nyingi huachwa, ingawa ndiyo inayomfunua mtoto ambaye alikuwa akifuata sauti za wenzake tu bila kuyatambua maandishi.

Mpango wa Tusome, ulioanza nchini mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili na baadaye ukafika la tatu, ulijitahidi kumpa kila mtoto kitabu chake mwenyewe. Kipimo chake cha kusoma bila kusitasita kilikuwa maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili, na 65 katika Kiingereza. Msomaji asistaajabu kwamba Kiswahili kina hesabu ndogo: neno moja kama “hatutawasomea” hubeba mambo ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno matano au sita.

Hesabu nazo huanzia mikononi. Punje za mahindi na vifuniko vya chupa hutosha kufundishia kujumlisha na kutoa. Baadaye mwalimu aweza kutoa fumbo la namna hii: gunia la mahindi lina kilo 90, na gorogoro moja lina kilo 2, je, gunia lina gorogoro ngapi? Jibu ni 45. Kama nyumba moja hula gorogoro moja kila siku, gunia litadumu siku 45, yaani majuma 6 na siku 3. Mtoto wa Trans Nzoia, ambaye ameona mahindi yakipimwa sokoni, huona mara moja kwamba kugawanya si mchezo wa ubaoni, bali ni jambo la chakula cha nyumbani.

Tena yapo masomo ya mazingira. Watoto hupanda mbegu za maharagwe katika makopo, huzipima kwa rula, na kuandika waliyoyaona. Walio karibu na mji wa Kitale wanayo pia makumbusho, ambako huweza kutazama nyoka na kobe, na kurudi darasani wakiwa na habari ya kuandika.

Mtoto anyamazaye

Lakini katika kila darasa yupo mtoto aketiye nyuma na kunyamaza. Haleti fujo, wala haulizi swali. Mwalimu mwenye watoto wengi humpita, naye hupanda darasa kila mwaka pasipo kujua kusoma. Je, afanyiwe nini?

Jibu moja lilipatikana Bungoma kwenyewe. Baada ya Serikali kuondoa karo za shule za msingi mwaka 2003, watoto walifurika madarasani. Mwaka 2005 shule 140 za wilaya za Bungoma na Butere-Mumias zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja zaidi wa darasa la kwanza. Wataalamu wa uchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walizichunguza shule 121 kati yao, ambazo kila moja ilikuwa na mkondo mmoja tu wa darasa hilo. Darasa la kawaida, lililokuwa na watoto zaidi ya 80, liligawanywa likabaki na chini ya 50. Katika shule 60 watoto waligawanywa kwa kadiri ya alama zao. Katika 61 zilizobaki waligawanywa kwa kura.

Wengi wangedhani kwamba wale waliowekwa katika kundi la alama za chini wangezidi kurudi nyuma. Haikuwa hivyo. Baada ya miezi 18, watoto wa shule zilizogawa kwa alama walikuwa mbele ya wenzao wa shule zilizogawa kwa kura, na waliofaidika ni wale wa juu na wale wa chini pia. Walipopimwa tena mwaka 2007, wakati ambao mtoto asiyerudia darasa alikuwa amefika la tatu, faida ile ilikuwa ingalipo. Maelezo ya wataalamu ni kwamba mwalimu aliweza kufundisha yale ambayo watoto waliokuwa mbele yake walihitaji, badala ya kuwafuata wachache waliotangulia.

Si kila shule yaweza kupata mwalimu wa pili. Hata hivyo, mwalimu mmoja aweza kuwapanga watoto wake katika vikundi kwa nusu saa kila siku, hawa wakisoma silabi, wale wakisoma hadithi. Jambo la kuangalia ni kwamba kikundi kisiwe jina la aibu. Mtoto apimwe mara kwa mara, na akipata nguvu ahamishwe.

Kazi ya mzazi

Mzazi asidhani kwamba haya ni mambo ya mwalimu pekee, wala asiyejua kusoma asijione hana la kufanya. Jioni, kazi za shamba zikiisha, mtoto na asome kwa sauti ukurasa mmoja, kisha aeleze kwa lugha ya nyumbani alichosoma. Akisoma bila kuweza kueleza, amekariri tu. Akishindwa kusoma, mzazi asimpige wala kumcheka mbele ya ndugu zake. Aende kwa mwalimu mapema, kabla mwaka haujaisha, ili washauriane. Darasa la nne halimngoji mtu, na aliyeachwa ukingoni hupata taabu nyingi kuwafikia waliokwisha kuvuka.