Piga Magoti, Piga Hesabu
Somo la wiki: Nehemia 1–2, 4:9, Yakobo 2:14-17



Nilipomaliza digrii yangu ya biashara nilikaa miezi mingi bila kazi. Kila Ijumaa nilikuwa kwenye kesha, nikilia mbele za Bwana. Asubuhi moja nikirudi nyumbani, mama akanimiminia chai, akaniuliza, "Baba, barua za kazi umepeleka ngapi?" Nilikuwa nimepeleka mbili. Nilikasirika, nikaona mama hana imani. Leo najua Mungu alikuwa ananisemesha kupitia yeye.

Tumwangalie Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Aliposikia ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketea, alilia, akafunga, akaomba. Kutoka mwezi wa Kisleu hadi Nisani ni kama miezi minne. Hayo hayakuwa maombi ya haraka.

Sasa fungua sura ya 2. Mfalme anamuuliza anataka nini. Kwanza Nehemia anaomba tena, pale pale. Halafu anajibu, na jibu lake limepangwa: anataja muda atakaokuwa safarini, anaomba barua za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango. Huyu ndugu hakupiga magoti tu, alipiga hesabu pia!

Maadui walipotishia, watu waliomba na wakaweka walinzi usiku na mchana. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Na Nehemia hajisifu. Anasema mfalme alimkubalia kwa sababu mkono wa Mungu ulikuwa juu yake. Hesabu haikuchukua nafasi ya maombi. Maombi ndiyo yalimpa nguvu ya kuinuka.

Turudi kwetu. Dada anasema kwenye ushirika wa nyumbani kwamba amefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi. Tunamshika mikono, tunaomba kwa moto, tunamwambia "Mungu atafanya njia," tunakunywa chai, kila mtu anaenda kwake. Yakobo anauliza, maneno matamu yanamfaa nini mwenye njaa? Tukiwa kumi na kila mmoja atoe mia tano, hiyo ni elfu tano. Nasema haya nikijua kosa langu. Nimewahi kusimama mbele ya mlango uliotiwa kufuli, nikaomba vizuri sana, nikaondoka na pesa zangu mfukoni. Ilibidi nitubu, na nirudi.

Lakini kama umepeleka barua mia na bado hujajibiwa, somo hili halikulaumu. Wewe tunataka kuomba nawe na kutafuta nawe. Usibebe peke yako.

Zoezi la wiki: Andika ombi moja unaloomba sasa. Chini yake andika jambo moja utakalofanya kabla ya Jumapili: simu utakayopiga, deni utakaloenda kulizungumzia, mtu utakayemtembelea. Liombee, kisha lifanye.

Maswali ya ushirika:
1. Ni ombi gani umeomba muda mrefu bila kuchukua hatua?
2. Nani kati yetu anahitaji zaidi ya maombi wiki hii?

Tuombe: Bwana, tufundishe kukungoja bila uvivu na kufanya kazi bila kukusahau. Katika jina la Yesu, Amina.