SOMO: DARUBINI PACHA NA VIOO VYA JICHO KWA KAZI YA KUTAZAMA MBALI



Somo hili ni kwa ajili ya wenzetu wanaofanya kazi katika vitalu vya uwindaji: wasoma nyayo, wachukuzi, madereva na askari wa wanyamapori wanaofuatana na wageni. Hao ndio macho ya msafara. Mwindaji bingwa ana bunduki na leseni, mgeni ana fedha, lakini anayekaa juu ya kichuguu saa tatu nzima akitazama ng'ambo ya bonde ni mfanyakazi. Akisema "dume", risasi inatoka. Ikionekana baadaye kuwa ni jike, au dume mchanga asiyeruhusiwa, kosa hutafutwa kwake kwanza.

Katika kambi tunazozitembelea tumelisikia lalamiko hilo mara nyingi. Msoma nyayo amepewa darubini isiyomfaa macho, amesema alichokiona, na mwisho wa mwezi mshahara umekatwa. Kwa hiyo darubini si anasa ya wageni. Ni zana ya kazi, kama lilivyo jembe kwa mkulima na randa kwa seremala, na asiyeijua zana yake hana la kujitetea.

1. Darubini pacha ni nini?

Darubini ya kuning'iniza shingoni hukuza mara 8 au 10. Hiyo yatosha kumwona mnyama, lakini haitoshi kumpima pembe akiwa mbali. Kwa kazi ya kupima hutumika darubini ndefu ya jicho moja, inayosimama juu ya miguu mitatu na kukuza mara 20 hadi 60. Darubini pacha ni mbili za namna hiyo, zimefungwa sambamba juu ya fremu moja ili mtazamaji atumie macho yote mawili.

Kazi ya kukaa mahali pamoja na kuchambua mlima mzima kwa macho imeshamiri sana magharibi ya Marekani, hasa Arizona, ambako wawindaji hutafuta paa wadogo wenye rangi ya majani makavu kutoka kilele kimoja hadi kingine. Huko wengine hujifungia wenyewe darubini mbili kwa fremu. Viwanda navyo vimeingia. Kampuni ya Kowa ya Japani imetengeneza darubini pacha iitwayo Highlander, yenye mapipa mawili ya milimeta 82. Kampuni ya Swarovski ya Austria ilitoa mwaka 2017 kifaa kiitwacho BTX. Hicho kina vioo viwili vya jicho lakini pipa la mbele ni moja, na mwanga wake hugawanywa mara mbili. Hukuza mara 30 kikifungwa kwenye pipa la milimeta 65 au 85, na mara 35 kwenye pipa la milimeta 95.

Wageni wanapokuja kuwinda Afrika huja na vyombo vya aina hii, na baadhi ya waajiri nao wananunua. Ndiyo maana hatuna budi kuvijua.

2. Kwa nini macho mawili?

Anayetazama kwa jicho moja hulazimika kulifumba lile lingine. Misuli ya uso hukaza, jicho lililofumbwa hubanwa, na baada ya dakika chache machozi hutoka. Mtu aliyechoka hivyo huona anachotaka kuona. Kwa macho mawili uso hulegea, na ubongo huunganisha picha mbili kuwa moja iliyo safi zaidi. Mtazamaji anaweza kukaa muda mrefu na kuona sikio likitikisika kivulini.

Tuchukue mfano wa Uganda. Uwindaji wa wageni ulipigwa marufuku huko mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kando ya Ziwa Mburo. Mnyama mmoja anayetafutwa sana nchini humo ni nzohe, anayeishi katika mabwawa ya mafunjo. Mtazamaji hupanda dungu alfajiri na kungoja nzohe ajitokeze ukingoni, pengine mamia ya meta mbele yake. Dume wa nzohe ana pembe na rangi nyeusi-nyeusi, jike hana pembe na ni mwekundu. Hapo kazi ni nyepesi kidogo. Lakini nyati, kongoni, nyamera na pofu, dume na jike wote wana pembe. Kwa nyati mtazamaji lazima aone kama shina la pembe limeungana juu ya paji na kuwa gumu kama jiwe, au bado ni laini na lina manyoya, maana huyo wa pili ni kijana. Jambo hilo halionekani kwa jicho linalotoka machozi.

3. Hesabu ya mwanga

Muuzaji hutaja kwanza idadi ya ukuzaji: "Hii ni mara 60!" Ndugu zetu wengi hukamatwa hapo. Kuna hesabu moja fupi ambayo kila mmoja wetu aijue: gawanya upana wa kioo cha mbele kwa idadi ya ukuzaji. Jibu ni upana wa duara la mwanga linalotoka na kuingia jichoni.

Kioo cha milimeta 80 kikikuza mara 20, duara ni milimeta 4. Kikikuza mara 40, ni milimeta 2. Kikikuza mara 60, ni milimeta 1 na kidogo.

Sasa linganisha na jicho. Mchana wa jua kali mboni hujifunga hadi milimeta 2 au 3, hivyo duara la milimeta 2 latosha. Alfajiri na magharibi, wakati wanyama wanapotembea, mboni hufunguka milimeta 5 au zaidi. Ukiliingizia duara la milimeta 1 utaona giza, na dume na jike watafanana. Kwa hiyo kwa darubini pacha ya kazi, ukuzaji wa mara 20 hadi 35 ndio wenye manufaa. Kinachozidi hapo ni cha nadra, siku hewa ikiwa imetulia na mwanga ni mwingi.

4. Vioo vya jicho viwe ndugu wa tumbo moja

Kioo cha jicho ndicho kinachoamua ukuzaji na upana wa mahali panapoonekana. Yako mambo manne ya kuangalia.

(a) Vifanane kabisa. Kampuni moja, namba moja, ukuzaji mmoja. Kioo cha kushoto kikikuza mara 30 na cha kulia mara 32, ubongo hupewa picha mbili zisizolingana na kulazimishwa kuziunganisha. Matokeo yake ni kichwa kuuma na kichefuchefu.

(b) Visiwe vya kubadilika. Kioo kinachozungushwa kutoka mara 20 hadi 60 kinafaa kwa darubini ya jicho moja. Kwa pacha kina taabu, kwa sababu ni vigumu kuvizungusha viwili vifike mahali pamoja hasa. Kioo cha ukuzaji mmoja ni bora, na aghalabu huonyesha eneo pana zaidi.

(c) Viwe vipana. Kioo chenye upana wa digrii 60, kikikuza mara 30, huonyesha meta 35 hivi kwa umbali wa meta 1,000. Kikikuza mara 60 kwa upana uleule huonyesha meta 17 tu. Mnyama akipiga hatua chache umempoteza, na kumtafuta tena ni kazi mpya.

(d) Viache nafasi kwa mvaa miwani. Kuna vioo vinavyotaka jicho liguse kabisa. Mwenye miwani anahitaji nafasi ya milimeta 15 hadi 20 kati ya kioo na jicho, la sivyo ataona katikati tu. Wenzetu waliopita miaka 40 wazingatie hili.

5. Mapipa yalingane, na macho yafike

Hapa ndipo pacha nyingi za kufungwa kwa mkono zinaposhindwa. Nafasi kati ya mboni mbili za mtu mzima ni milimeta 63 kwa wastani; wengine wana 55, wengine 72. Darubini mbili zenye kioo cha mbele cha milimeta 80 zikilazwa bega kwa bega, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni milimeta 80 na ziada ya chuma. Hakuna macho yaliyoachana hivyo. Hata zile za milimeta 65, ukiongeza unene wa pipa, zitawafaa wachache tu. Basi chagua vioo vya mbele vidogo zaidi, vya milimeta 50 hadi 60. Au chagua darubini ambazo prizimu yake imekisogeza kioo cha jicho pembeni mwa mstari wa pipa, ili zikigeuzwa vioo vya jicho vikaribiane. Fremu nayo iwe na skrubu ya kuzisogeza, kwa kuwa leo atatazama mmoja na kesho mwingine.

Jambo la pili ni mwelekeo. Mapipa yote mawili lazima yalenge mahali pamoja, maana ukuzaji hukuza na kosa. Pipa moja likipotoka kwa kiasi cha unywele, kosa hilo hulifikia jicho likiwa limezidishwa karibu mara 30. Macho ya binadamu yanaweza kujivuta kidogo kuelekea puani, lakini hayawezi moja kwenda juu na jingine chini. Kupotoka kwa juu na chini ndiko kubaya kuliko kote.

6. Joto, miguu na mzigo

Jua likishapanda hewa hucheza juu ya ardhi kama mvuke juu ya sufuria, na mazigazi hutokea. Wakati huo darubini ya thamani yoyote itaonyesha mnyama anayeyeyuka. Mtazamaji ana haki ya kusema: "Sioni vizuri, tungoje jioni." Neno hilo ni sehemu ya ujuzi wake.

Miguu mitatu iwe mizito na isimamishwe chini, mtazamaji akae badala ya kusimama. Upepo ukivuma, ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu.

Kisha tukumbuke mzigo. Ile Highlander peke yake ni karibu kilo 6, bado miguu yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeagiza darubini kubwa si yeye anayeipandisha mlimani. Kwa safari za miguu, pacha ndogo ya mara 20, au ile ya pipa moja na vioo viwili, huwasaidia zaidi watu. Pacha kubwa ikae kwenye dungu au kwenye gari.

Na onyo moja: usielekeze darubini kwenye jua hata kwa nukta moja. Jicho litaungua na halitapona.

7. Jaribio kabla ya kulipa

Jaribio hili halihitaji fundi.

Kwanza, simamisha darubini na ulenge kitu cha mlalo kilicho mbali, kama waya wa umeme au ukingo wa bati. Fumba jicho la kulia, rekebisha la kushoto hadi picha iwe kali. Kisha fanya la kulia.

Pili, tazama kwa yote mawili. Rudisha kichwa nyuma kiasi cha shubiri moja hadi uone viduara viwili vya mwanga. Waya uwe katika kimo kimoja kwenye viduara vyote. Ukiwa juu katika kimoja na chini katika kingine, usinunue.

Tatu, tazama dakika 15 bila kupumzika. Ukiondoa macho na kuona vitu viwili-viwili, au kichwa kikaanza kugonga, darubini hiyo si yako hata kama ni ya bei kubwa.

Nne, mwenzako naye ajaribu.

8. Madai yetu

Ndugu, kutokana na somo hili tunapata mambo ya kupeleka mezani kwa mwajiri. Moja, atakayetumia darubini awepo inapochaguliwa, maana macho ni yake. Mbili, watazamaji wawe wawili wa kupokezana, na pawe na mapumziko. Tatu, darubini iliyoanguka ipimwe kabla ya kurudishwa kazini, na jambo hilo liandikwe katika daftari la kambi. Nne, mfanyakazi asikatwe mshahara kwa kosa la kutambua mnyama ikiwa alikwisha sema kwamba haoni vizuri au kwamba chombo ni kibovu. Neno hilo nalo liandikwe siku ileile, pamoja na saa, kwa sababu maneno ya mdomo hupotea risasi ikishalia.

Maswali ya kujadiliana katika tawi

1. Darubini ina kioo cha mbele cha milimeta 66 na hukuza mara 22. Duara lake la mwanga ni milimeta ngapi? Je, inafaa kutazamia alfajiri?
2. Kwa nini vioo viwili vya kuzungusha vina taabu katika darubini pacha?
3. Katika kambi yenu, nani huchagua darubini, na nani huibeba?
4. Mara ya mwisho mtazamaji aliposema "sioni vizuri", alijibiwa nini?